Naomba ushauri: bunduki ya zamani ya .22 yenye mrija wa risasi, kwa kulenga shabaha tu

Mwalimu wa Ngaramtoni

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za Jumapili. Nimestaafu ualimu, nimepitia mafunzo na taratibu za umiliki polisi, na sasa natafuta bunduki moja tu ya kaliba ndogo, yaani yenye tundu jembamba la mtutu, kwa ajili ya kulenga karatasi na makopo kwenye meta 25 na meta 50. Siwindi, wala sitafuti silaha ya kulinda nyumba. Kikundi chetu kina ruhusa ya kupiga shabaha kwenye shamba la mwenzetu upande wa Kisongo, mbele ya tuta kubwa la udongo, na kazi yote ya bunduki hiyo itaishia hapo.

Nimeamua iwe ya zamani, na iwe ile ambayo risasi zake hupangwa ndani ya mrija badala ya magazini ya kuchomoa. Sababu yangu ya kwanza ni mapenzi ya vitu vya chuma na mbao vilivyotengenezwa kwa subira. Ya pili ni kwamba bunduki nyingi za zamani za magazini ya kuchomoa ninazoziona huku zimeshapoteza magazini, na mwenye nayo anabaki kutia risasi moja moja kwa kidole. Mrija hauachwi kwenye droo ya mtu.

Mpaka sasa nimeonyeshwa nne. Ya kwanza ni Winchester ya mwaka 1890, yenye mtutu wa pembe nane, inayouzwa na familia moja ya Moshi ambayo babu yao aliinunua kwa mlowezi wa shamba la kahawa. Ya pili ni FN ya Ubelgiji, ile ya kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele ambayo wenyewe huiita Trombone. Ya tatu ni Browning ndogo inayojipakia yenyewe, ambayo mrija wake umo ndani ya kitako. Ya nne ni Marlin ya wenzo, yaani ya kuchezesha mkono ulio chini ya bunduki ili kupakia, ambayo muuzaji hapa mjini anasema ni modeli ya 39 lakini hakuweza kunieleza kama ni 39 tupu au 39A. Bei zake zinakaribiana kiasi kwamba hazitanisaidia kuamua.

Macho yangu si ya ujana tena na mkono wangu wa kushoto una baridi yabisi kidogo, kwa hiyo uzito na urahisi wa kulenga vina maana kwangu. Naomba anayezifahamu bunduki hizi anieleze ni ipi inafaa, na hasa nikague nini kabla ya kutoa fedha.

---

Fundi Chuma wa Majengo

Mwalimu, marahaba. Nimefanya kazi ya kurekebisha silaha kihalali hapa Moshi kwa muda mrefu, na nitaanzia mahali ambapo wanunuzi wengi hawaanzii, yaani kwenye maandishi yaliyogongwa juu ya mtutu. Uzuri wa mbao utauona hata usipofundishwa. Kilichoandikwa kwenye mtutu ndicho kitakachokuambia kama utawahi kuifyatua.

Winchester ya 1890 ilibuniwa na ndugu wa familia ya Browning kule Marekani, na kwa kweli ni mojawapo ya bunduki ndogo zilizopendwa kuliko zote, zikatengenezwa mamia ya maelfu. Hata hivyo, tofauti na nyingi zilizokuja baadaye, kila moja ilichongwa kwa aina moja tu ya risasi. Ipo ya .22 Short, ipo ya .22 Long, ipo ya .22 W.R.F. (Winchester Rim Fire), na ile ya .22 Long Rifle iliongezwa mwaka 1919, karibu miaka thelathini baada ya modeli kuanza. Aina hizi hazibadilishani. Anayekuambia kwamba «zote ni pointi ishirini na mbili» amesoma tarakimu akaacha maneno. Geuza bunduki upande wa mtutu, karibu na mahali unapoingia kwenye mwili wa bunduki, usugue uchafu kwa kitambaa chenye mafuta, usome kilichogongwa. Usiposoma «LONG RIFLE» au «L.R.», weka fedha zako mfukoni, kwa sababu risasi za aina nyingine ni shida kuzipata, na hata ukizipata utalipa kama mkusanyaji wa vitu vya makumbusho.

Onyo maalumu ni juu ya W.R.F. Ganda lake ni nene kuliko la Long Rifle. Ukitia Long Rifle ndani ya chemba yake, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi, itaingia kwa ulegevu na huenda ikafyatuka, lakini ganda litapasuka, na gesi yenye moto inaweza kurudi nyuma kuelekea usoni. Yupo pia mtu atakayekushauri utumie .22 Magnum kwa kuwa unene wake unalingana na W.R.F. Usimsikilize. Magnum ina nguvu kubwa zaidi na bunduki hiyo haikutengenezwa kuibeba.

Baada ya maandishi, nenda kwenye chemba. Zile zilizochongwa kupokea Short, Long na Long Rifle kwa pamoja zina ugonjwa wake. Risasi za .22 Long Rifle zilianza mwaka 1887 na ganda lake ni refu kuliko la Short, ambayo ni ya tangu 1857. Mtu akipiga Short kwa miaka mingi ndani ya chemba ndefu, moto hula chuma mbele ya mdomo wa lile ganda fupi na kuacha pete ya shimo. Ukija wewe na Long Rifle, ganda linavimba ndani ya pete hiyo na kung'ang'ania, na ndoano ya kutolea ganda inashindwa. Wauzaji husema «ndoano imechoka, badilisha tu», kumbe ndoano ni nzima na chemba ndiyo iliyoliwa. Omba ganda lililotumika kwenye bunduki hiyo hiyo, ulitazame juani: likiwa na uvimbe kama mkanda katikati ya kiwiliwili, jibu umelipata.

Tatizo la pili la chemba hutokana na kufyatua bila risasi. Kwenye risasi hizi baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini hugonga pembeni na si katikati. Chemba ikiwa tupu, katika bunduki nyingi za zamani pini hiyo hugonga ukingo wa chemba yenyewe, na baada ya muda huacha kinundu kinachozuia risasi kuingia vizuri. Kagua kwa tochi na uguse kwa ncha ya kijiti. Fundi mwenye kifaa sahihi anaweza kukisawazisha, lakini muuzaji na ashushe bei. Na wewe mwenyewe usifyatue bunduki ya watu ikiwa tupu dukani ili «kusikia triga», maana ndivyo vinundu hivyo vinavyozaliwa.

Mtutu ukiuona mweusi ndani usikimbie papo hapo. Risasi za .22 zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1920 ziliwashwa kwa kemikali iliyoacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta peke yake hayaiondoi, ilihitaji maji. Ndiyo maana mitutu mingi ya zamani ina vishimo vidogo vidogo hata pale ambapo mwenyewe aliipaka mafuta kila jioni. Mtutu wa namna hiyo hushika mabaki ya risasi na uchafu upesi, lakini nimeona iliyopiga vizuri vya kutosha kwa shabaha za starehe. Ninachokataa ni pete iliyovimba, yaani mahali ambapo risasi iliwahi kukwama na nyingine ikafuata. Pitisha vidole taratibu kwa nje kutoka nyuma hadi mbele. Uvimbe utausikia kabla ya kuuona.

Sasa mrija wenyewe, kwa kuwa ndio uliouchagua. Mrija wa nje ni bati jembamba, na adui yake ni kubonyea. Bunduki ikiegemezwa kwenye gari au ikianguka juu ya jiwe, unabonyea kidogo sana, na risasi ya nne au ya tano inakwama hapo hapo kila siku. Chomoa mrija wa ndani wa shaba, uuviringishe juu ya kioo cha meza uone kama umepinda, kisha usukume kisukumio kwa kijiti na kukiachia. Kirudi kwa nguvu moja, bila kusitasita. Angalia pia kile kipini cha kufungia mwishoni mwa mrija, kwa sababu kikilika, mrija wa ndani huruka mbele bunduki inapolia na risasi zote humwagika chini. Bonyeo dogo hunyooshwa kwa kusukuma ndani nondo laini yenye kipenyo sahihi. Bonyeo lenye kona kali ni mrija mpya, na mrija mpya wa bunduki ya miaka themanini hauagizwi Kariakoo.

Kati ya nne ulizotaja, ikiwa zote zitakuwa nzima, mimi ningekupa Trombone. Ni nyepesi, ilibuniwa na John Browning, na kiwanda cha FN kiliendelea kuitengeneza kuanzia mwaka 1922 hadi miaka ya 1970, kwa hiyo unaweza kupata iliyozaliwa wakati ambapo chuma na risasi vilikuwa vya kisasa.

---

Askari Mstaafu, Usa River

Nakubaliana na Fundi, ila ninaongeza jambo moja kuhusu ile ya Moshi. Bunduki ya marehemu haihami kwa makubaliano ya ukoo, hata kama wana wote wametia sahihi na mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaweka umiliki na uhamisho wa silaha chini ya usimamizi wa polisi. Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hujaenda kuichukua, hakikisha familia hiyo imeshaitaarifu polisi juu ya kifo cha mwenye leseni, na kwamba namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Bunduki hizi hufunguka vipande viwili, na nyingine zimegongwa namba kwenye kila kipande. Zikitofautiana, mtu aliwahi kuunganisha nusu za bunduki mbili, na maelezo yake hutayaweza wewe. Usisafiri nayo kutoka Moshi hadi Arusha kwa «nitaandikisha nikifika».

---

Mama Njiro

Mwalimu, shikamoo, na Fundi pia shikamoo. Mimi ni mpigaji shabaha wa kawaida, na ninasaidia kufundisha wageni kwenye kikundi chetu, kwa hiyo nazitazama bunduki hizi kwa jicho la anayesimama nyuma ya mpigaji. Kwa heshima zote sikubaliani na chaguo la Trombone kwa mtu mwenye mahitaji ya Mwalimu. Ningemchagulia Marlin, kwa masharti nitakayoyataja.

Kwanza ni suala la nyundo. Trombone imeficha nyundo ndani ya mwili wake. Ni nzuri kwa macho, lakini mimi nikiwa nyuma ya mtu siwezi kujua kama imekokiwa, yaani nyundo imevutwa tayari kufyatua. Marlin ina nyundo ya nje ambayo kila mtu mstarini anaiona, na ina hatua ya nusu koki, pale nyundo inaposimama katikati. Winchester ya 1890 nayo ina nyundo ya nje, lakini ina tabia nyingine ambayo Fundi hakuigusa: ukiwa umeshikilia triga huku unasukuma kishikio mbele, inafyatuka pale pale chemba inapofungwa. Wapo wanaolipenda jambo hilo. Kwenye mstari wenye watu wanaojifunza, silipendi hata kidogo.

Pili ni mkono wenye baridi yabisi. Bunduki ya kupampu, kama Trombone, hufanya kazi kwa mkono wa kushoto, yaani mkono ule ule uliobeba uzito wa mtutu ndio unaovuta na kusukuma. Wenzo huchezeshwa na mkono wa kulia, na wa kushoto unabaki umetulia. Marlin ni nzito, karibu kilo tatu, lakini kwa anayepiga akiwa ameketi mezani au ameegemea mfuko wa mchanga uzito huo ni rafiki, kwa sababu bunduki haitikisiki kwa kila pumzi.

Tatu ni macho, na hapa sitapita haraka, kwa kuwa watu wengi wa umri wa Mwalimu huiacha michezo hii wakidhani mkono umechoka kumbe ni vilengeo. Bunduki zote nne zinaweza kuja na kilengeo cha wazi, kile chenye mkato mdogo nyuma na kinundu mbele. Jicho likianza kuzeeka haliwezi kuona mkato, kinundu na shabaha kwa pamoja, na mkato ulio karibu ndio unaopotea kwanza. Dawa ya zamani ni kilengeo cha tundu kinachofungwa nyuma, karibu na jicho. Unachungulia ndani ya tundu bila kulitazama, na jicho lenyewe hutafuta katikati. Kampuni ya Lyman ya Marekani ilitengeneza vya aina hiyo kwa miongo mingi, na bunduki nyingi za zamani zina matundu ya skrubu ambako kilengeo cha namna hiyo kiliwahi kufungwa. Ukiona matundu hayo usidhani imeharibiwa. Huenda mwenye nayo wa kwanza alikuwa mwalimu mwenye macho kama yako. Ukitaka darubini, Marlin hutoa maganda ubavuni na mgongo wake ni mzima, kwa hiyo darubini hukaa juu yake bila ugomvi. Winchester hutupa maganda juu, moja kwa moja kwenye njia ya darubini.

Browning ya kujipakia sitaisema vibaya, maana ni kazi ya ajabu: ilianza kutengenezwa na FN mwaka 1914, inafunguka vipande viwili kwa kuzungusha mtutu, na hutupa maganda chini, kwa hiyo hata anayetumia mkono wa kushoto hasumbuki. Lakini bunduki ya kujipakia huchagua chakula, na baadhi zimechongwa kwa Short pekee. Halafu mtutu hufunguliwa kila unaposafisha, na pale unapokutana na mwili panaweza kulegea. Ina pete ya kurekebisha ulegevu huo, na wengi hawajui kwamba ipo. Vilevile, kwa kulenga karatasi polepole sioni faida ya kujipakia, isipokuwa kumaliza boksi la risasi kabla ya chai kupoa.

Masharti yangu juu ya Marlin ni haya. Kama ni 39 tupu, tazama kama namba yake inaanza na herufi HS. Herufi hizo zinaonyesha kwamba boliti yake, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, iliimarishwa kwa ajili ya risasi za kasi kubwa, ambazo ziliingia sokoni karibu na mwaka 1930. Boliti za kabla ya hapo zinaweza kupasuka kwa risasi hizo, na boliti mbadala ni taabu kuipata. Kama ni 39A, ilianza mwaka 1939 na wasiwasi huo haupo.

---

Mwalimu wa Ngaramtoni

Nawashukuru sana, na nimerudi na majibu baada ya kuzungukia zote.

Ile ya Moshi, baada ya kusugua kama Fundi alivyoelekeza, imeandikwa W.R.F. waziwazi. Familia yenyewe ilishangaa, kwa sababu kwenye sanduku lake mlikuwa na boksi la Long Rifle, na kijana wao alikuwa tayari kunionyesha inavyolia. Nilimwomba asijaribu, na nikawasomea maneno ya Fundi kutoka kwenye simu. Wamesema wataipeleka polisi kwanza kwa ajili ya mambo ya urithi, kisha watafikiri.

Trombone ni nzuri kiasi kwamba nilitaka kuisamehe kila kitu. Hata hivyo kisukumio chake kinasimama mahali pamoja karibu na katikati ya mrija, na ukikodolea mwanga ukiwa umeelekea pembeni unaona kivuli cha bonyeo. Mwenye nayo anasema haijawahi kumsumbua. Browning imeshauzwa kwa mtu mwingine.

Marlin ni 39A, na imeandikwa «Micro-Groove» kwenye mtutu. Ndani inang'aa, nyundo inasimama vizuri kwenye nusu koki, na ganda lililotumika ambalo muuzaji alikuwa nalo halina uvimbe. Skrubu kubwa ya ubavuni, ile ya kufungulia vipande viwili, imechakaa midomo kwa kufunguliwa na bisibisi zisizofaa, na sehemu hizo mbili zikifungwa zinacheza kidogo sana zikitikiswa kwa nguvu. Je, kucheza huko ni sababu ya kuiacha? Na maandishi hayo ya mtutu yana maana gani kwa upande wa risasi nitakazonunua?

---

Fundi Chuma wa Majengo

Mama Njiro amenishinda kwa hoja ya mkono wa kushoto, sina ubishi nayo. Trombone iache mpaka mwenye nayo akubali kuilipia matengenezo ya mrija, kwa maana bonyeo lililo katikati ndilo baya kuliko yote. Na hapa si suala la usumbufu peke yake. Kisukumio kikikwama, risasi moja inaweza kubaki nyuma yake huku wewe ukiamini umezitoa zote, halafu bunduki ikitikiswa ndani ya gari inateleza hadi kwenye kibebeo, yaani kile kipande kinachobeba risasi kutoka kwenye mrija kwenda chembani. Kwa bunduki yoyote ya mrija, nzima au mbovu, ondoa kabisa mrija wa ndani, elekeza mdomo mahali salama, chezesha wenzo mara kadhaa hata baada ya kuacha kutoa kitu, kisha angalia kwa macho na uguse kwa kidole ndani ya chemba na kwenye kibebeo. Jambo jingine la mirija iliyo chini ya mtutu ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba tundu la kupakia liko mbele, chini ya mtutu. Mtu anayejaza risasi kwa haraka huinamia mdomo wa bunduki na kupitisha kiganja mbele yake. Jifunze kujaza kutoka ubavuni, wenzo ukiwa wazi.

Kuhusu kucheza kwa Marlin: zinafunguka kwa makusudi, na skrubu hiyo imetengenezwa ili ikazwe hata kwa ukingo wa sarafu. Kaza kwanza kwa kifaa kinachojaa mfereji wake, kisha ujaribu tena. Nyingi huacha kucheza hapo. Ikiendelea kusogea kidogo bila kutoa mlio wa chuma kugongana, bado unaweza kuinunua, kwa sababu mtutu na vilengeo vyake vyote viwili viko kwenye nusu moja ya mbele, kwa hiyo ulegevu huo hauhamishi shabaha maadamu unatumia kilengeo cha wazi. Ukifunga tundu la kuchungulia kwenye mwili wa nyuma, hapo ndipo utauona. Faida ya kufunguka ni kwamba utasafisha mtutu kuanzia nyuma. Mitutu mingi ya zamani imeharibika mdomoni kwa kupitishiwa fimbo za chuma kutoka mbele, na mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa kabla haijaenda zake.

---

Mama Njiro

Micro-Groove ni jina la Marlin kwa mtutu wenye mifereji mingi na myepesi, kumi na sita badala ya ile michache yenye kina iliyozoeleka. Walianza nayo katika miaka ya 1950, kwa hiyo bunduki yako si ya kale kama muuzaji anavyopenda isikike. Mwalimu, kwenye risasi haikulazimishi chochote. Inakubali Short, Long na Long Rifle, ila kwa sababu alizozieleza Fundi mimi ningeilisha Long Rifle tu.

Nunua za kasi ya kawaida, zinazokwenda takriban meta 330 kwa sekunde na zenye risasi ya gramu 2.6. Zile za kasi kubwa hufika karibu meta 380, hutoa mlio mkali zaidi na huchosha springi za bunduki ya zamani, na kwenye meta 50 hazikupi chochote ambacho karatasi itakitambua. Usinunue boksi kubwa mwanzoni. Chukua aina mbili tofauti, piga tano tano ukiwa umeegemea mfuko wa mchanga, wakati ule ule wa siku na bila kugusa vilengeo, kisha ulinganishe. Ikiwa tano zote zinaingia ndani ya sentimita 5 kwenye meta 50, hiyo ni bunduki nzuri kwa kazi unayoitaka, na aina iliyofanya hivyo ndiyo utakayorudi kuinunua, ikiwezekana yenye namba ileile ya uzalishaji iliyochapwa kwenye boksi.

Kuhusu tuta la Kisongo, lipitie kwa jembe kabla ya kuanza. Udongo wetu wa huku una mawe ya volkano, na risasi hii ndogo inayodharauliwa hurushwa na jiwe ikaenda mahali ambapo hakuna aliyeielekeza; ikiachwa huru hewani husafiri zaidi ya kilomita moja. Makopo yawekwe chini kabisa ya tuta, yasiwe juu ya ukingo wake.

---

Askari Mstaafu, Usa River

Mwalimu, ukishaafikiana na muuzaji, mwombe aandike kwenye hati ya mauzo modeli kamili, kaliba kama ilivyogongwa na namba, kisha uende nayo polisi kabla bunduki haijatoka dukani. Skrubu ya ubavuni akuwekee mpya yeye mwenyewe, au apunguze bei.